Kanzu Iliyokosa Mwenyewe

Kwanza aliona uzi.

Ulikuwa uzi mweusi, mfupi, umefungwa fundo juu ya fundo upande wa ndani wa shingo ya kanzu, pale ambapo mtu akivaa hauonekani. Tusekile aliuona mnene kama kamba ya kufungia ndama, kwa sababu ulikuwa karibu kabisa na jicho lake. Ndipo akatambua kwamba kanzu ile haikuwa mbele yake. Ilikuwa imemfunika kichwa.

Alikuwa amesimama juu ya kigoda, anavuta rundo la nguo kutoka kwenye kigingi cha juu. Rundo likamshinda nguvu, likateremka lote kwa pamoja, na kanzu ikamwangukia kama wavu, mikono yake mirefu ikining'inia mabegani kwake. Ilinuka ukungu na moshi. Na ule uzi aliujua. Mama mkwe wake, Angetile, aliufunga kwenye kila kitu cha nyumba yake ili kisipotelee kwa watu: kwenye mikeka, kwenye mablanketi, hata kwenye mfuniko wa kikapu. Lakini kanzu nyeupe katika nyumba ile ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Tusekile alijikung'uta kama aliyepandwa na siafu. Kanzu ikaanguka sakafuni, ikajinyoosha toka ukuta hadi ukuta, kati yake na mlango.

Akatulia. Hakuna aliyeona. Mvua ilikuwa inapiga paa la nyasi, na nje hapakuwa na mtu.

Katika nchi ile ya juu ya ziwa, mke wa kijana na baba wa mume wake hawaonani. Akisikia sauti ya mzee, huchepuka akaingia migombani. Akimkuta njiani, huchutama na kujifunika uso mpaka nyayo zipite. Jina lake halitamki, kitu chake hakishiki, na kilicholala chini hakiruki. Wakristo walisema mambo hayo yamepitwa na wakati. Walisema hivyo kanisani. Wakitoka njiani, walichepuka kama wengine. Na mke aliyekosea hakuambiwa maneno mengi. Alifungiwa kikapu chake akarudishwa kwao, akae huko mpaka baba yake alete ng'ombe wa kuondoa aibu. Baba yake Tusekile hakuwa na ng'ombe. Ugonjwa wa sotoka ulimaliza zizi lake lote kabla Tusekile hajazaliwa, na tangu hapo zizi lilioteshwa maboga.

Kwa hiyo akirudishwa, amerudishwa. Lutengano, mume wake, alikuwa Mwaya akipakua mizigo ya meli, na hata angekuwepo asingeweza kubishana na baba yake juu ya jambo kama lile. Tusekile aliipenda nyumba yake. Ilikuwa nyumba ndogo ya mianzi kule Talatala, aliyoikandika udongo kwa mikono yake mwenyewe, na jiko lake halikuwa na miezi mingi.

Angejua kanzu imo humu, angesingizia tumbo akabaki nyumbani. Lakini kanzu ilikuwa imewekwa kwa mwalimu Hezroni, pamoja na nguo nyingine za ubatizo. Hakuna aliyemwambia kwamba paa la Hezroni lilivuja, naye akazileta zote hapa na kuzitupia juu ya nyingine.

Chumba chenyewe cha nguo kilikuwa nyuma ya kanisa la misheni, chembamba, chenye mlango mmoja, hakina dirisha. Mtu akinyoosha mikono aligusa kuta zote mbili. Wakristo waliweka humo nguo zao za Jumapili, maana nyumbani kulikuwa na moshi na panya. Mwanzoni kila mtu alikuwa na kigingi chake. Kisha watu wakaongezeka, vigingi havikuongezeka. Kaniki ikatundikwa juu ya kanzu, shuka juu ya kaniki, na juu ya vyote koti zito la Mzungu mmoja aliyekufa kwa homa, ambalo hakuna aliyethubutu kulivaa wala kulitupa. Masika ya mwaka ule mchwa walipanda ukutani, wakaanza kula kutoka chini kwenda juu.

Bibi, mke wa mchungaji Mdachi, aliufungua mlango siku moja akaziba pua. Alikuwa mgeni katika nchi. Kiswahili alijifunza Dar es Salaam alipokuwa akisubiri safari ya bara, na alikisema kwa haraka, kama mtu anayehesabu kuku kabla hawajatawanyika. Akamwita Tusekile, kwa kuwa alisikia kwamba kabla ya ndoa kumtoa shuleni alikuwa akijua kushona na kukunja vizuri kuliko wenzake.

"Za kuvaa, kwenye rafu," alisema Bibi. "Za kushona, kwenye kikapu. Zisizo na mwenyewe, kwenye mkeka hapa mlangoni. Hizo nitazikata mimi, ziwe bandeji za watu wa vidonda. Kila nguo iwe na jina la mtu. Hakuna jina, mkasi."

Tusekile aliitika. Hakuwa mtu wa kukataa. Hata kukubali kwenyewe alikubali kwa kutazama chini.

Sasa alisimama kwenye kona ya chumba, mgongo ukutani, akiitazama kanzu. Kuiokota hawezi. Kuiruka hawezi. Na kubaki humo hawezi, maana Bibi angefika wakati wowote.

"We mke wa Lutengano, mbona umesimama kama nguzo? Unaishikilia nyumba isianguke?"

Alikuwa Felista, mfuaji wa misheni, amejitwisha beseni la nguo mbichi. Felista alitoka kwa wafinyanzi wa Kikisi, kule milima inakoingia ziwani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita mitumbwi. Kila aliponyamaza, watu walidhani amekasirika.

"Dada Felista," alisema Tusekile, "niokotee hiyo."

"Hiyo iko miguuni pako."

"Mgongo unaniuma."

"Mgongo! Asubuhi nimekuona unapanda kutoka mtoni na mtungi kichwani, unakimbia kama umeiba. Mgongo umekushika saa ngapi?" Felista alitua beseni, akachungulia. "Au kuna nyoka ndani?"

Felista akaishika kanzu kwa mkono mmoja, akaikung'uta mpaka vumbi la mchwa likaruka.

"Hakuna nyoka, hakuna mjusi. Ninyi watu wa mpunga mnaogopa hata nguo isiyo na mtu ndani! Haya, ya nani hii? Sema niitundike."

Tusekile alifungua mdomo. Jina lilikuwepo, limekaa nyuma ya meno. Tangu aolewe hakuwahi kulitoa, hata akiwa peke yake shambani. Akaufunga mdomo.

"Huijui? Basi haina mwenyewe. Na huku chini mchwa wameshaionja." Felista akaitupa kwenye mkeka wa Bibi. "Naenda kuangalia maji yangu jikoni, yatakauka. Na huo mgongo ukandwe, mama, usije ukatuzalia mtoto mwenye kibyongo."

Akaondoka akicheka. Tusekile alijibu "ndaga", ya kushukuru, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia.

Mlango ulikuwa wazi sasa. Lakini kanzu ilikuwa mahali pa kufa.

Alijua ilivyopatikana. Angetile alisuka mikeka misimu miwili ya mvua, akaipeleka kwa wachuuzi wa Mwaya akabadilishana na kitambaa cha merikani, kisha akaishona mwenyewe mlangoni pake, macho yakimtoka machozi kwa sababu hayakuona tena vizuri karibu. Mume wake alikuwa abatizwe siku ya Pentekoste, na Pentekoste ilikuwa Jumapili hii. Mara mbili huko nyuma mzee alifika mpaka mlangoni mwa kanisa akageuka. Mara ya kwanza alisema mwalimu amechelewa. Mara ya pili mbwa alimbwekea. "Safari hii," Angetile alimwambia Tusekile wakitwanga, "sitaki apate sababu. Hata mbwa nimewaomba watu wawafunge." Tusekile alicheka siku ile. Angetile alikuwa amemfundisha kila kitu cha nyumba ile, na hakuwahi kumpandishia sauti.

Mzee akiambiwa Jumapili kwamba kanzu yake imefungiwa vidonda vya watu, hatatafuta sababu nyingine.

Tusekile akachukua ufito uliokuwa umeegemezwa ukutani, wa kutungulia nguo za juu. Ufito si mkono, alijiambia. Akauingiza ncha ndani ya shingo ya kanzu, akainyanyua polepole. Ilikuwa nzito kwa unyevu. Ilizunguka hewani kama inamtafuta. Akajongea hatua kwa hatua kuelekea kwenye rafu, akimwomba Kyala, Mungu wao, kimoyomoyo, ingawa hakuwa na hakika kama Kyala wa kanisani husaidia katika mambo ya namna hiyo.

Nje, barazani, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha makusudi, kama mtu anayebisha hodi kwa koo. Tusekile alikisikia kila asubuhi kupitia migombani. Ndicho kilichomwambia kwamba njia ina mwenyewe, ajifiche.

Ufito ukamtoka. Kanzu ikarudi mkekani.

Mzee alikuwa amekuja kwa mafundisho ya mwisho kwa Hezroni, na mvua ikamfukuzia barazani. Kikapu cha Tusekile kilikuwa pale mlangoni, chenye uzi mweusi wa Angetile kwenye mfuniko. Alikwisha kukiona, na alikohoa ili mke wa mwanawe ajue asitoke. Lakini angetokea wapi? Mlango ulikuwa mmoja. Naye mzee angekwenda wapi kwenye mvua ile? Tusekile akarudi kwenye kona yake, akavuta kaniki mpaka usoni. Akasikia kigoda cha baraza kikilia. Mzee alikuwa amekaa, bila shaka amegeuzia mlango mgongo.

Basi wakakaa hivyo, ukuta kati yao, kila mmoja akizuia pumzi kwa ajili ya mwenzake.

Kisha vikaja viatu. Bibi aliingia akipukuta maji kwenye mabega, mkasi mkononi.

"Mbona giza! Mbona umejifunika, unasikia baridi? Vizuri, vizuri, rafu ni nzuri." Akapiga magoti mkekani, akainua nguo ya kwanza. "Hii kweli haina mtu?"

"Ina mtu, Bibi. Ya Asajile wa Mbugani. Nilikosea."

"Sema kwa sauti. Nguo haziumi. Na hii?"

"Ya Neli. Lakini alisema haitaki tena, imembana."

"Neli amenenepa, asifiwe Mungu. Mkasi." Nguo ya Neli ikapasuka vipande virefu. Bibi alikata haraka, bila huruma, kama mtu anayekatakata mboga. "Na hii kanzu?"

Tusekile alitazama mlangoni, kisha chini.

"Ya nyumbani, Bibi."

"Nyumbani kwako? Kanzu ni yako?"

"Hapana." Alishusha sauti mpaka ikawa pumzi. "Ya baba wa mume wangu."

"Baba wa Lutengano!" Bibi hakushusha sauti hata kidogo. Nje, kigoda kikalia. "Niambie wewe, Lutengano ana baba wangapi? Kabla ya Pasaka walikuja wazee watatu. Huyu ananiambia, mimi ni baba wa Lutengano. Huyu, mimi ni baba wa Lutengano. Huyu wa tatu, hata hana meno, mimi ni baba wa Lutengano. Wote wanataka blanketi!"

Na hakuna aliyekuwa amesema uongo. Wanaume waliokua pamoja na kujenga kijiji kimoja, watoto wa mmoja ni watoto wa wote. Lakini jambo hilo, ambalo mtoto yeyote wa Talatala alilijua, Tusekile hakujua pa kulianzia mbele ya mkasi uliofunguka.

"Yule aliyemzaa, Bibi."

"Wote walisema wamemzaa. Jina."

Tusekile aliinua kidevu, akaelekeza kwa midomo upande wa baraza. Ilikuwa ishara kubwa kuliko zote alizowahi kumfanyia mtu mzima.

"Nini? Nje?" Bibi alisimama, akausukuma mlango mpaka mwisho, akachungulia. Tusekile alijibanza ukutani akafumba macho. Alisikia kigoda kikianguka, na nyayo za mtu mzima akikimbia kwa aibu, chwap chwap kwenye matope, mpaka nyuma ya pembe ya kanisa. Mlango ulipofunguka vile, mzee angebaki pale angemwona. Afadhali alowe.

"Hakuna mtu," alisema Bibi akirudi. "Kigoda tu kimeanguka. Upepo."

Akapiga magoti tena. Aliichukua kanzu, akaitandaza juu ya mapaja yake, akatafuta pa kuanzia. Tusekile aliutazama mkasi ukipanda kwenye pindo, pale mchwa walipoonja. Alimfikiria Felista; angerudi sasa hivi, angeropoka lolote, angeokoa. Felista hakurudi. Alifikiria kusema kwamba kanzu ni ya Hezroni. Lakini Hezroni angeulizwa, naye angesema kweli, na ingekuwa uongo juu ya aibu.

Mkasi ukang'ata. Merikani mpya hulia inapokatwa, na ile ililia.

Nyuma ya pembe ya ukuta, kikohozi kikaja tena. Kikaja na kingine. Hakikuwa tena kile cha asubuhi. Mzee alikuwa anasikia kila kitu, na hakuwa na njia ya kuingia.

"Huyo anaumwa kifua," alisema Bibi, asiinue kichwa. "Watu wanakaa kwenye mvua, kisha wanakuja kutaka dawa."

Mkasi ukafunguka mara ya pili.

"Ambilikile," alisema Tusekile.

Lilitoka dogo, la kawaida, kama jina la mtu yeyote. Alisubiri. Hakujua anasubiri nini: tumbo limkate, au paa lianguke, au ulimi ufe mdomoni. Mvua iliendelea kunyesha. Tone moja lilipenya kwenye nyasi likamdondokea mkononi.

"Nani? Sema kwa sauti."

"Ni ya Ambilikile!" Sauti ile hakuijua. Ilijaa chumba chote, ikatoka mlangoni, ikaenda mpaka nyuma ya ukuta. "Usiikate, Bibi. Ni ya Ambilikile, ameshonewa na mke wake."

Kikohozi kikakatika. Tusekile alitega sikio asikie nyayo zikiondoka kwenye matope, zikielekea Talatala kufunga kikapu chake. Alitega, akatega. Hakuna nyayo zilizoondoka.

Bibi aliweka mkasi chini. Aliutazama ule mkato kwenye pindo, akaulainisha kwa kidole gumba, kama mtu anayetaka kuurudisha.

"Ambilikile anayebatizwa Jumapili? Lakini, mtoto, kwa nini hukusema tangu mwanzo? Hili nitalishona mimi mwenyewe leo. Yuko wapi? Namtaka aje aijaribu."

Tusekile aliiondoa kaniki usoni. Maneno yalikuwa yamekwisha kuupata mlango.

"Yuko nyuma ya pembe hiyo, Bibi, ananyeshewa," alisema, wala hakushusha sauti. "Haumwi kifua. Ananiogopa mimi, kama mimi ninavyomwogopa yeye."